Giant Defy ya mtumba kwenye barabara za Mwanza, maoni ya anayeipanda

Wadau, kila nikisimama Nyegezi kunywa maji kuna mtu ananiulizaga hiyo baiskeli ya resi bei gani na je inafaa huku kwetu au ni mbwembwe tu, sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja naandika yote hapa, mwenye haraka asome kipande cha matairi tu hayo mengine ni ziada.

Ninayopanda ni Giant Defy. Fremu alumini, foku ya mbele karboni, gia ni Shimano Sora mbele mbili nyuma tisa, breki zile za kubana rimu sio za diski. Niliichukua mtumba kwa laki sita na nusu baada ya kubembelezana sana na muuzaji, yeye alianzia laki tisa. Giant ni watu wa Taiwan, wapo tangu 1972, na hii Defy waliitoa 2009 kwa ajili ya watu wa safari ndefu sio wale wa kugombea sekunde, ndo maana ukikaa juu yake lile bomba la mbele linaloshika usukani liko juu kidogo na mgongo haukunjiki sana. Jamaa yangu wa Igoma ana Giant TCR ambayo ni ya mashindano kabisa, tumeshawahi kubadilishana njiani na aisee ile inakimbia, ukikanyaga tu imeshaondoka, ila kufika Kisesa shingo inauma na viganja vimekufa ganzi. Yeye ana miaka ishirini na kitu anasema haoni tatizo. Sawa.

Kwa mwendo sina malalamiko na hii kitu. Kutoka mjini, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi mpaka Buhongwa kama umetoka alfajiri kabla daladala hazijachangamka unateleza tu, alaf njia ya Airport kupitia Pasiansi ndo tamu zaidi maana tambarare, unaweka gia kubwa unasahau. Gia zenyewe mbele ni meno 50 na 34, nyuma 11 mpaka 30, maana yake ukiwa kwenye nzito kabisa mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka karibu mita tisa na nusu, ukiwa kwenye nyepesi kabisa ni mita mbili na nusu hivi. Hiyo nyepesi ndo ya kuuliza unaponunua. Mji wetu ni mawe na vilima, we mwenyewe unajua, kupanda Isamilo na baiskeli ambayo nyuma meno yanaishia 23 au 25 utashuka usukume, na kuna nyingi za mtumba zinakuja hivyo hivyo kwasababu zilikotoka ni kwa watu wa nchi tambarare. Muuzaji hawezi kukwambia hili, hesabu meno mwenyewe palepale dukani hata wakikucheka.

Haya matairi. Hapa ndo watu wengi wanaachana na baiskeli za resi wanazirudisha sokoni na mimi nadhani ndo jambo lenyewe hasa, jina lililoandikwa kwenye fremu halikusaidii kitu siku tairi imechanika Usagara. Tairi za resi zimeandikwa 700, na rimu yake pale tairi inapokaa ni milimita 622. Phoenix na Hero zetu za inchi 28 zinazoenda na matairi ya kila duka ni milimita 635. Tofauti ni milimita 13, kwa macho huioni, lakini haikai kabisa, inapwaya, fundi ataipachika atasema inakubali na ukijaza upepo inaruka nje. Tairi za mauntani za 29 nazo ni 622, kwa hiyo kwenye rimu zinakaa ila ni nene hazipiti kwenye breki wala foku. Ina maana tairi ya hii baiskeli huikuti kila kona, unaagiza Dar au unamsubiri mtu wa mitumba, na lazima uwe na ya akiba nyumbani muda wote. Mi ninayo moja inaning'inia nyuma ya mlango, mama watoto ameshaizoea.

Ilikuja na matairi ya milimita 23, magumu, upepo wake unataka zaidi ya psi 100 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) na kila rasta ya barabarani unaisikia mpaka kwenye meno ya mdomoni. Nikabadilisha nikaweka 28. Yanapita kwa shida kidogo chini ya breki, ukikanyaga tope linasugua, ila siyatoi. Na kilo zangu 74 naweka psi 75 mpaka 80 tu, inatulia, matuta inapita bila kunirusha, na pancha zile za tyubu kubanwa kati ya rimu na tuta ukakuta matundu mawili sambamba zimepungua sana. Mtu atakwambia tairi nyembamba ndo ina kasi. Kwenye lami ya kioo labda, kwenye lami yetu yenye viraka tairi jembamba linarukaruka na kila likiruka nguvu zako zinapotea hewani.

Tyubu nazo zina mambo yake. Valvu ni ile nyembamba ya Presta, juu kuna kikofia kidogo unakifungua kwanza, unakibonyeza kidogo psss ndo unajaza. Kijana wa kujaza upepo asiyeijua atalazimisha pampu mpaka aipinde. Nunua kile kiadapta cha shaba cha kufunga juu yake, ni kidogo kinakaa mfukoni na bei yake sio ya kuumiza, ukishakifunga unajaza upepo hata sheli kwenye mashine ya magari, ila simamia mwenyewe usimuachie mtu maana tyubu ni ndogo inajaa ndani ya sekunde. Na kuna mafundi watakwambia watoboe rimu tundu liwe kubwa wakuwekee tyubu ya kawaida. Kataa. Tundu la Presta ni milimita sita na nusu, la valvu ya gari ni nane na nusu, rimu yenyewe ni nyembamba na ukishaitoboa hairudi.

Mafundi wetu siwasemi vibaya lakini. Kunyoosha rimu, kubadilisha golori, kukaza spoku, wale wa mtaani ni wazuri kuliko watu wanavyowachukulia, kuna mzee mmoja Mabatini ananyoosha rimu kwa jicho na kidole tu na inatoka imenyooka. Shida ni vifaa. Kaseti ya Shimano, yaani lile fungu la meno ya nyuma, inataka kifungulio chake maalum, kama hana atatumia patasi na nyundo, kwa hiyo kifungulio nunua chako umpelekee. Na mafuta, jamani mafuta. Ile oili chafu ya injini wanayopaka kwenye cheni inashika mchanga wote wa njiani na cheni inakuwa msasa inakula meno ya kaseti, afadhali mafuta ya cherehani kidogo, unapaka unafuta yaliyobaki nje. Kama unataka kujua cheni imeisha chukua rula yenye inchi, pingili kumi na mbili kamili (ya ndani na ya nje pamoja unahesabu moja) lazima ziwe inchi 12 pini kwa pini, ikizidi hata kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi toa, cheni ni rahisi kuliko kaseti.

Breki kwenye kavu ziko vizuri. Mvua ikinyesha kuna sekunde unabana hazishiki kabisa mpaka rimu ijifute maji, kwa hiyo kushuka Capri Point kukiwa kumelowa naanza kubana mapema sana. Ukienda kununua pitisha kidole ubavuni mwa rimu, ukikuta pameingia ndani pamefanya bonde hiyo rimu imeliwa, punguza bei au achana nayo.

Sasa daraja. Tangu lile la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025 wapanda baiskeli wa Mwanza tumepata njia mpya, zamani ulikuwa unafika Kigongo unapanga foleni ya kivuko na jasho linakukaukia mwilini, sasa unapita juu ya maji kilomita tatu mfululizo na kama miguu bado ipo unaendelea Sengerema. Ila upepo wa pale ni mwalimu. Asubuhi mapema unatoka nchi kavu kwenda ziwani na huwa mpole, jua likishapanda unageuka unatoka ziwani, na unakupiga ubavuni hasa. Rimu zangu ni za kawaida zenye ubavu mfupi kwa hiyo navumilia, kuna mwenzetu ana zile rimu za karboni zenye ubavu mrefu za kupendeza, siku hiyo alivuka ameshika usukani kwa mikono miwili hata chupa ya maji hakugusa. Miwani pia beba, jioni vile vidudu vya ziwani havijui kama unapita.

Wenzangu wengine kwenye kikundi wana vyuma vya zamani, mmoja ana Peugeot ya chuma nzuri mno, inanyonya mitikisiko kuliko hii yangu nakiri. Ila kabla hujanunua Peugeot ya zamani jua kwamba nyingi zina nyuzi za skrubu za Kifaransa, ile bakuli ya kulia ya ekseli ya pedeli kwenye baiskeli za vipimo vya Kiingereza inafunguka kinyume, kwenye za Kifaransa pande zote mbili zinafunguka kawaida, fundi asiyejua anakaza akidhani anafungua na kupata kipuri chake hapa ni kazi ya miezi.

Nani asinunue hii? Mwenye safari za vumbi, mwenye mzigo, mwenye baiskeli moja ya kazi zote za nyumbani. Haina karia. Mzee mmoja Usagara nilimsalimia mwangaluka akaizunguka yote akaniuliza, "Ng'wanawane (mwanangu), sasa gunia unaweka wapi?" Nikamwambia baba hii ni ya mazoezi tu. Akatingisha kichwa akapanda Phoenix yake na debe mbili za mahindi nyuma akaondoka, na kwa kazi yake yuko sahihi, hakuna Giant ya kumfaa pale.

Mi kwa lami ya Mwanza na mtu wa kawaida anayetaka kilomita sitini za wikiendi bila kuumwa kiuno naipa 8 kwa 10, mbili nimekata kwa nafasi ndogo ya tairi na kukosa karia. Ikiwa unaiona mahali chini ya laki saba, rimu hazijaliwa, foku haina ufa (kagua pale karibu na taji lake juu ya tairi), chukua.

Na kama kuna mtu ana tairi 700 kwa 28 mbili ambazo hazijapasuka kwa jua anauza, atume picha za pembeni na bei, niko Nyakato nafuata mwenyewe.