Bucha la nyamapori Iringa: niliomba daftari kabla ya nyama

Bucha hili liko Iringa mjini, upande wa Kihesa, katika safu ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Utalijua kwa picha ya pofu iliyochorwa ukutani. Nimelipatia nyota nne kati ya tano. Watu wengi wanaoniuliza kuhusu mabucha ya nyamapori huishia kwenye bei na ladha, na hayo nitayajibu. Lakini mimi ni mwindaji mwenye leseni, mzaliwa wa Idodi, na kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kufuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii. Nikiingia bucha la namna hii swali langu la kwanza ni mnyama ametoka wapi, na amekufaje.

Tuanze na mepesi. Kilo ya nyati ni shilingi 11,000, pofu 12,000, swala pala 13,000. Steki ni zaidi kidogo. Ni ghali kuliko ng'ombe, na mimi sioni ubaya: nyama hii imesafiri mbali, imelipiwa kibali na imekaguliwa. Ukuta ni wa vigae vyeupe, madirisha yana wavu, na badala ya gogo wanakatia kwenye meza ya chuma. Nzi sijawaona. Kijana wa mbele anakusalimia "kamwene" kabla hajakuuliza unataka nini, na ukimwambia nyama ni ya mgonjwa au ya mtoto anakuchagulia bila kinyongo.

Sasa kilichonifanya nirudi. Nilipoomba kuona karatasi, kijana hakununa. Alimwita mama mwenye duka, naye akatoa kaunta buku chini ya meza, akalifungua mbele yangu. Kila mstari una tarehe, aina ya mnyama, kitalu alikotoka, namba ya kibali, uzito, na sahihi ya daktari wa mifugo aliyekagua. Paja lililoning'inia lilikuwa na kadi ndogo ya plastiki yenye namba. Nikaisoma ile namba, nikashuka nayo kwenye daftari kwa kidole mpaka nikaikuta. Nilipolipa, mama akaiandika tena kwa kalamu nyuma ya risiti. "Baba, hii usiitupe mpaka nyama iishe," akaniambia.

Ana haki kusema hivyo. Mabucha haya yamefunguliwa mlango na kanuni za uuzaji wa nyamapori za mwaka 2020, lakini kanuni hizo hazikufuta Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kipande cha swala kisicho na karatasi bado ni nyara ya serikali, na anayekutwa nacho jikoni ana kesi sawa na aliyekutwa nacho porini.

Karatasi pekee haitoshi, kwa hiyo niliomba nioneshwe swala kabla hajakatwa. Tundu la risasi lilikuwa nyuma ya bega, na damu iliyovilia ilizunguka tundu hilo tu, upana wa kiganja. Kwingine kote nyama ilikuwa nyekundu iliyokolea, kavu kwa juu, imechujika damu vizuri. Nikashika miguu, pale juu kidogo ya kwato ambapo waya hukaba. Palikuwa safi, manyoya yamelala.

Mnyama wa mtego haonekani hivyo. Aliyenaswa kwa waya hupigana nao usiku kucha, na mara nyingi mwenye mtego anafika kesho yake au keshokutwa. Waya unachubua ngozi mpaka kwenye mshipa, chini ya ngozi panajaa maji ya njano na damu nyeusi. Nyama yake inakuwa nyeusi, inanata vidoleni na inaharibika upesi, kwa sababu mnyama amekufa akiwa ameishiwa nguvu zote. Ndiyo maana wauzaji wa kificho hukata miguu na shingo wakakuletea minofu mitupu kwenye mfuko mweusi, saa mbili usiku, kwa pikipiki. Nimeletewa mlangoni kwangu zaidi ya mara moja, kwa nusu ya bei ya bucha, na nimewarudisha. Ukiacha sheria, nyama ile hakuna aliyeikagua, na kimeta, ugonjwa wa wanyama unaoambukiza hata watu, hakitambuliki kwa macho ya mpita njia.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu swala wetu wanapungua, na kila kilo inayonunuliwa gizani inalipia waya mwingine. Pawaga na Idodi nilikokulia, swala pala ulikuwa unawakuta ukienda kuchota maji. Tandala walikuwa wakionekana kwenye vichaka vya kando ya barabara ya kwenda Ruaha, mkubwa na mdogo wote wawili. Siku hizi unatembea asubuhi nzima nje ya mpaka wa hifadhi unaambulia kinyesi cha zamani.

Sababu haziko moja. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, na tangu hapo hali hiyo imekuwa ikijirudia. Maji yanaishia kwenye mashamba ya mpunga na malisho ya Usangu kabla hayajafika chini. Mto ukikauka wanyama wote wanabanana kwenye madimbwi machache yaliyobaki, na kila mwenye waya anajua madimbwi hayo yako wapi. Mkaa umeondoa miti ya kujificha. Moto wa mwisho wa kiangazi, ule wa Septemba na Oktoba, unaunguza mpaka vichipukizi ambavyo swala jike mwenye mimba angevitegemea mvua zikichelewa. Huku juu Mufindi na Njombe nyika nyingi zimepandwa misindano na milingoti, na chini ya msindano hakuna cha kula. Kwenye misitu ya mvua ya Udzungwa, Rungwe na Livingstone kuna minde, mnyama wa jamii ya funo anayepatikana Tanzania peke yake, ambaye yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Yeye hana tatizo la mto. Anamalizwa na mitego na kukatwa kwa msitu wake.

Katika hayo yote, mwindaji hawezi kuurudisha mto. Waya anauweza. Na anaweza kuamua amuue nani na amwache nani.

Nilipokuwa mfuata nyayo, wageni wa Kimarekani walikuwa wakisimulia motoni habari za kulungu wa kwao, wale wanaoitwa "deer" kwa Kiingereza, nami nikawa nauliza sana. Huko karne ya 19 wawindaji wa biashara walikuwa wakiua kulungu na kusafirisha nyama kwa treni mpaka mijini. Kufikia mwaka 1900 kulungu wenye mkia mweupe walibaki chini ya laki tano katika nchi nzima. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuzuia kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo mnyama aliyewindwa kinyume cha sheria, na majimbo yakapiga marufuku kuuza nyama ya porini. Mwaka 1937 wakaongeza sheria nyingine: ushuru wa bunduki ndefu na risasi, ambao leo ni asilimia 11, uende kwenye uhifadhi. Leo kulungu hao ni karibu milioni 30. Wawindaji wenyewe ni miongoni mwa wanaoubeba ushuru ule.

Hadithi haikuishia pazuri pote. Kulungu wengine, wale wa magharibi wenye masikio makubwa, wanapungua mpaka sasa: ukame, nyumba na barabara zilizokata njia zao za kuhama, na ugonjwa wa kukondesha ulioonekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Baridi ya 2022 kuingia 2023 iliua wengi sana magharibi mwa Wyoming, na jimbo likapunguza leseni. Wawindaji wa huko wanapeleka vichwa vya wanyama maabara vikapimwe ugonjwa, wanakwenda bila bunduki kung'oa seng'enge kuukuu kwenye njia za wanyama, na idadi ikishuka wanaacha kuua majike.

Niliwaza sana habari hiyo bucha hili lilipofunguliwa. Wao soko ndilo lililowamalizia kulungu, nasi ndiyo kwanza tunafungua soko. Je, hatuwashi moto uleule? Nimefikia uamuzi wangu baada ya kulisoma lile daftari: bucha linaloweza kukuonesha kila mnyama kitalu chake na kibali chake linamnyima riziki mwenye mfuko mweusi, maana mteja mwenye kazi yake hatahangaika na nyama ya usiku wakati ya halali iko dukani mchana. Bucha lisiloweza kufanya hivyo ni dirisha la kuuzia nyama ya waya, hata liwe na vigae vyeupe namna gani. Nyama ya hapa kwa sehemu kubwa inatoka kwa wageni wa vitalu, ambao hupiga madume wakubwa wenye pembe, wakachukua pembe na ngozi. Dume mmoja wa swala pala huhudumia majike wengi, kwa hiyo dume mzee akitoka kundi linaendelea kuzaa. Jike akitoka, umeondoa mtoto wa mwaka huu na wa miaka ijayo, kwa sababu anazaa mmoja tu kila mara. Sheria yenyewe inakataza kuua jike mwenye mimba au mwenye mtoto, lakini waya haujui kusoma sheria.

Na hapa ndipo nyota ya tano ilipopotelea. Daftari halina safu ya dume au jike. Nilimuuliza mama, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza. Safu moja tu, herufi moja kila mstari, na mteja angejua anakula nini, na sisi wawindaji tungejua soko linavuta upande gani. Ameahidi kuiongeza.

La pili, kwenye friji kulikuwa na digidigi. Walikuwa na kibali, namba zao nilizikuta. Hata hivyo ningeomba bucha liache kuwanunua. Digidigi wanaishi wawili wawili, dume na jike wake kwenye eneo lao dogo, wala hawana kundi. Ile hesabu ya kuua dume ukaacha majike haifanyi kazi kwao: ukimtoa dume umevunja nyumba. Mnyama mwenyewe ni kilo tano hivi tu akiwa hai, ukitoa ngozi na utumbo unabaki na mboga ya siku moja. Tena ndiye rahisi kuliko wote kwa mtu wa tochi na mtu wa waya, kwa hiyo soko lake likikua, wauzaji wa kificho ndio watakaolilisha. Funo na nsya ningewaweka kundi hilohilo.

Tatu ni dogo: umeme ukikatika jenereta linachelewa, na siku hizo nakushauri ununue nyati au pofu, usinunue maini.

Kuhusu kupika, maana najua mmesubiri. Nyama ya swala haina mafuta, ukiichoma kama mbuzi inageuka ubao. Mimi naikata vipande vikubwa, naichemsha taratibu na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi mpaka maji yakauke, halafu namimina mafuta kidogo na nyanya mbili. Pofu haina haja ya hayo yote. Ubavu wake unachoma juu ya mkaa wa kawaida, unaugeuza mara chache, na ladha yake iko karibu na ng'ombe wa malisho, tamu zaidi kidogo. Nyati ya hapa ilikuwa ngumu, wazee wale, ipe saa tatu motoni au uiache ikauke uile na ulanzi kidogokidogo. Mke wangu hali nyama ya porini kwa kawaida, lakini mchuzi wa pofu aliuomba tena.

Kwa wawindaji wenzangu mtakaokwenda pale kununua au kuuza: pelekeni dume, pelekeni karatasi, na mkikuta waya porini ung'oeni, mkabidhi kwa askari wa kijiji mwambie umeutoa wapi. Wa MBOMIPA, jumuiya ya vijiji vya Pawaga na Idodi ya kuhifadhi wanyamapori, wanapokea taarifa hizo bila kukuuliza maswali ya kukutisha. Waya mmoja wa breki za baiskeli unatosha swala, na porini unakaa miaka ukiendelea kukamata hata kama aliyeutega amesahau alipouacha.

Wanafungua saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni, Jumapili nusu siku. Mzigo mpya huingia msimu wa uwindaji, ambao huanza Julai 1. Nje ya msimu mengi ni ya friji, na mama atakwambia mwenyewe ukimuuliza. Wanapokea pesa kwa simu. Omba kaunta buku, atakupa.