Amiga (kompyuta ya zamani ya kampuni ya Commodore) na Windows 3.1: ipi ilifanya kazi nyingi kwa wakati mmoja kwa kweli?
Kufungua madirisha matatu si kufanya kazi tatu. Swali ni hili: nani anagawa muda wa prosesa, ile chipu inayotekeleza amri za programu zote?

Kwenye Windows 3.1 ya mwaka 1992, programu za Windows zilipeana zamu zenyewe. Kila moja ilitakiwa iachie prosesa kwa hiari. Ikikwama, nyingine zote zinasubiri: ile saa ya mchanga inaganda kwenye skrini, unabonyeza na kubonyeza, hakuna kinachoitika. Mac nayo iliishi hivyo hadi Mac OS X ilipotoka mwaka 2001.

Amiga ya mwaka 1985, iliyouzwa na kumbukumbu ya kilobaiti 256 tu, ilikuwa na mfumo unaoipokonya programu prosesa zamu yake ikiisha, itake isitake. Uliweza kufomati flopi (kuiandaa diski ndogo ya kuhifadhia data) huku ukiendelea kuandika barua yako. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi nyingi ya kweli, hata kama prosesa ni moja na inarukaruka tu kwa kasi. Kasoro yake ilikuwa kumbukumbu: hapakuwa na ukuta kati ya programu, hivyo moja ikiharibika iliweza kuangusha mashine nzima.