Kinywaji cha miaka kumi, nimepewa dakika nne

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya yule mzee wa mapipa, sio ya kiwanda cha tequila nilichotembelea.

Naanza na kilichoniuma, maana nikianza na mandhari nitapoa. Nimekaa mezani, mbele yangu glasi ya extra añejo, yaani tequila iliyolala kwenye pipa miaka mitatu na zaidi, ndo yenyewe niliyoifuata, zile tatu za kwanza nimezipitia fasta makusudi ili hii ya mwisho niipe nafasi yake. Nimeinusa mara mbili, sijaigusa hata kwa ncha ya ulimi. Yule dada anayetutembeza akaja na ndoo ya plastiki, anasema kundi lingine liko mlangoni, nikamwambia dada naomba dakika kumi tu, akaitoa glasi mkononi mwangu, jamani MKONONI, akaimwaga kwenye ndoo akahamia kwa mtu wa pili. Hata usoni hakuniangalia. Mi nimebaki na vidole vimekaa vile vile kama nimeshika glasi.

Hapo ni kiwandani, mji wa Tequila wenyewe, Jalisco, Mexico, mwendo wa kama saa moja kutoka Guadalajara. Jina la kiwanda nalificha, sitaki kesi. Nilienda na jamaa tunayefanya naye kazi Houston, kwao ni huko huko Jalisco, alinialika harusi ya dada yake na akaniongezea hii ziara kama zawadi. Kwa hiyo hata hasira yenyewe ilibidi niimeze kwanza, utamwambiaje mwenyeji wako kwamba zawadi yake imekukera.

Sasa mtu atasema ah, si pombe tu, umemwagiwa, agiza nyingine. Hapana aisee. Ngoja nikwambie nini kilimwagwa kwenye ile ndoo.

Mi ni mtu wa Muheza. Babu yangu alikuwa manamba, amekata mkonge mpaka viganja vikawa kama ubao. Basi lilipoanza kupita kwenye mashamba yao nilishtuka, kote ni mkonge! Ila una rangi ya bluu bluu kama umepakwa vumbi la chokaa, halafu ni mfupi kidogo. Nikamwambia yule dada hii kwetu Tanga ipo, akacheka, akasema hii sio ya kutengenezea kamba, na akawageukia wenzangu nao wakacheka. Sawa. Lakini ukweli ni kwamba ni ndugu kabisa, wote ni jamii moja ya mimea, agave, na huu wa kwetu asili yake ni huko huko Mexico, Mjerumani Hindorf ndo aliuleta 1893 akaupanda upande wa Pangani, hata hilo jina sisal ni la bandari ya kwao Yucatán. Nilitaka kumwambia hayo yote ila Kiingereza kikinipanda na hasira huwa kinakatika.

Tofauti ni kwamba sisi tunachukua majani tunaacha kitumba, wao majani wanayatupa wanachukua kitumba. Kuna baba mmoja alituonyesha, ana kitu kama jembe la duara, bapa, mpini mrefu, wanaita coa, anazunguka mmea anachapa majani tap tap tap, dakika chache limebaki dude kama nanasi kubwa jeupe, na wenyewe wanaliita hivyo hivyo, nanasi. Hilo moja linaweza kufika kilo hamsini na zaidi. Na limekaa ardhini miaka sita, saba, kuna linalokaa nane. Ule mlingoti unaochomoza katikati, ambao kwetu ukitoka ndo mkonge umezeeka, wao wanaukata ukiwa mchanga ili sukari isipande juu. Miaka saba mtu analinda sukari!

Halafu linapasuliwa, linaingia tanuri la matofali, mvuke siku nzima mpaka mbili. Tulipewa kipande tutafune. Aisee. Ni kama muwa uliopikwa na viazi vitamu kwenye sukari guru, unafyonza, unabaki na makapi mdomoni, unatema. Pale nilisahau hata kicheko cha yule dada. Kukamua, kuchachusha na hamira, kupika mtamboni angalau mara mbili, hizo nazipita, mtu aliyeona gongo likipikwa anaelewa, ila huku ni usafi na shaba inang'aa.

Kinachofanya iwe extra añejo ni pipa. Sheria yao tangu 2006 inasema angalau miaka mitatu kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 600, ila niliyoyaona mi ni madogo, mengi yametoka Marekani, yalishawahi kuwekwa whisky ya bourbon. Ghala lina giza na ubaridi na harufu ya mdalasini na mbao mbichi. Humo ndo kuna yule mzee. Anagonga pipa kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anajua kimebaki kiasi gani, maana kila mwaka kingine kinapotelea hewani. Jamaa yangu akanitafsiria, mzee anasema pipa nalo linakunywa. Nikamuuliza kwa nini wasiache miaka kumi na tano kama whisky, akasema ikizidi utakunywa mbao, mkonge wenyewe utakuwa umekufa humo ndani. Akachukua bomba jembamba, akatoa kidogo, akatudondoshea kila mtu tone kiganjani, tusugue, tusubiri, tunuse. Kwanza ni spiriti, inapita. Halafu yanakuja yale makapi matamu ya tanurini, halafu vanila, halafu kitu kama pilipili manga. Na hakutuharakisha hata kidogo, mzee wa watu.

Kwa hiyo jumlisha. Miaka saba shambani, mitatu na ushee kwenye pipa, mzee anagonga kila siku. Mi nimepewa dakika nne na ndoo.

Na hii kitu huwezi kuinywa dakika nne, si wenyewe ndo wamenifundisha! Sio shoti. Ndimu na chumvi peleka kwenye samaki. Friji usiitie, ubaridi unafunga harufu. Unamimina kidogo kwenye glasi nyembamba yenye mdomo wa kubana, unaiacha ipumue robo saa, pua unaiweka ukingoni usiizamishe, funda la kwanza ni la kulowesha mdomo tu, unameza halafu unatoa pumzi puani taratibu. Glasi moja ni ya jioni nzima, ya kukaa na mtu mnayeelewana.

Nikitulia nasema labda wana haki, watu wengi, mabasi yamejaa, yule dada naye ana bosi wake. Ziara yenyewe ilipangwa vizuri, tanuri tumeliona, kipande tumetafuna. Basi tufanye nyota tatu.

Hapana, ngoja. Kabla ya ile glasi nilimuuliza yule dada swali, kwa adabu kabisa, kama hii yao wanaiongezea karameli, maana sheria inawaruhusu kutia kidogo rangi, glisarini, sharubati ya sukari na dondoo la mwaloni, isizidi asilimia 1, bila hata kuandika kwenye chupa, na maandishi ya 100% agave hayazuii hilo. Akanijibu swali zuri, tuendelee. Ndo dakika chache baadaye ndoo ikaja. Sisemi vinahusiana. Nasema tu vilifuatana. Na mlangoni pa kutokea kuna duka, na nani yuko kaunta? Yeye! Anatabasamu, ananiuliza nitachukua chupa ngapi. Bei yake kodi yangu ya nyumba nusu. Nikasema siyo leo, nikatoka kifua mbele kama mwanaume.

Nyota moja. Nimerudi hapo hapo.

Ila kwenye basi sasa, narudi Guadalajara, nimeegemea dirisha, mkono shavuni, nikasikia harufu. Lile tone la mzee! Kwenye kiganja bado lipo, na spiriti yote imeshaondoka, limebaki lenyewe, tamu, kama mtu anachoma viazi vitamu nyumba ya tatu. Njia nzima nimenusa mkono wangu kama mwendawazimu, jamaa yangu akaniuliza kama naumwa. Jioni kwao wameleta maji ya kunawa kabla ya chakula nikanawa wa kushoto tu, mama yake akaniangalia sana.

Na sasa najuta ile chupa sikununua, kiburi tu. Kama kuna mtu anapita Jalisco karibuni aniambie, hela ninayo. Aingilie dukani moja kwa moja, asikate tiketi ya ziara, na akimuona mzee wa mapipa amsalimie.