Mtungi wa udongo wa lita 20: unafaa kiasi gani Loiyangalani?

Loiyangalani, kwenye ufuo wa kusini mashariki wa Ziwa Turkana, maji ya chemchemi hutoka ardhini yakiwa moto. Yakikaa kwenye jerikeni ya plastiki, jioni bado ni vuguvugu. Kwa nyumba isiyo na friji hakuna chombo kinachoushinda mtungi wa udongo usiopakwa rangi.

Maji hupenya udongo polepole, upepo unayakausha kwa nje, na yanapokauka huondoka na joto. Hewa ya huku ni kavu, kwa hiyo maji hushuka takriban nyuzi 10 chini ya joto la hewa. Mtungi huohuo ukiupeleka Mombasa utapata nyuzi chache tu, maana hewa ya pwani tayari imeshiba maji.

Ukinunua, ugonge kwa kifundo cha kidole: mzima hulia wazi, wenye ufa hutoa sauti butu. Kisha ujaze maji usubiri saa chache. Unatakiwa utoe jasho tumboni kote. Ukitiririka mahali pamoja, umepasuka. Ukibaki mkavu, hautapoza. Uliopakwa rangi ya mafuta ni pambo tu.

Uloweke saa 24 kabla ya kuutumia, uusugue kwa brashi bila sabuni. Udongo hunyonya sabuni, na maji yatanuka siku nyingi. Maji ya siku mbili za mwanzo yana ladha ya udongo, yafulie nguo.

Mahali pa kuuweka ndipo wengi hukosea. Ndani ya chumba kilichofungwa mtungi huilowesha hewa inayouzunguka, kisha kazi inasimama. Uweke kivulini panapopita upepo, juu ya mafiga matatu mazito yanayoacha kitako wazi. Upepo wa hapa hutoka kusini mashariki, hupiga sana usiku hadi asubuhi, halafu hutulia alasiri. Yaani saa ambazo jua linaunguza ndizo mtungi unazofanya kazi kidogo. Jaza jua linapozama, unywe kesho yake. Kwa familia, nunua miwili: mmoja unapoa, mwingine unatumika. Funika mdomo kwa kitambaa kilichofungwa kamba, kisha kifuniko, la sivyo asubuhi utakuta vumbi limetuama chini.

Kasoro kubwa ni chumvi. Baada ya wiki kadhaa ukoko mweupe hujitokeza tumboni, vitundu vya udongo vinaziba, jasho linakatika. Kwangua ukoko kwa brashi ngumu mtungi ukiwa mkavu, upake siki au maji ya ndimu, suuza. Siku hilo lisiposaidia, badilisha mtungi. Pia hupoteza lita moja au zaidi kwa siku, na kwa anayebeba maji kichwani hiyo si hasara ndogo.

Mtungi hausafishi maji. Vijidudu vinataka klorini au kuchemsha kwanza, na tumia kata ya mpini mrefu, vikombe visiingizwe. Maji ya ziwa yana floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa. Mtungi hauiondoi, na kuchemsha huizidisha ukali. Usiyatie humo.

Njiani kutoka Marsabit au Maralal, ujaze nguo ndani, uufunge kwa gunia na kuupakata. Mawe meusi ya karibu na mji ndiyo huvunja mitungi mingi.