Mapango ya Mlima Hoyo: ziara ya mtu aliyezoea makoro

Sisi wa Goma tumekulia juu ya jiwe jeusi. Nyumba yetu ya mtaa wa Majengo ina ukuta wa makoro, yaani mawe ya lava iliyoganda, njia ni makoro, na mwaka 2002, kisha 2021, volkano ya Nyiragongo ilitukumbusha jiwe hilo linatoka wapi. Nafundisha jiografia. Kwa miaka tisa nilichora pango la chokaa ubaoni bila kuliona hata moja. Ndiyo maana nilipopata nafasi ya kufika Mlima Hoyo, kule Ituri, sikuvutana sana na mtu juu ya bei.

Tulikuwa watatu. Tulipita Butembo, Beni, Oicha, Eringeti, na kabla ya Komanda tukaacha barabara kubwa tukapanda upande wa mashariki. Siku zile njia ilikuwa imetulia. Usiende kwa neno langu: waulize madereva wa Beni asubuhi ileile.

Aliyetuongoza alikuwa mzee wa palepale, tuliyemwita Papa, na kwangu yeye ndiye ziara yenyewe. Mlangoni mwa pango alitusimamisha kimya mpaka macho yazoee giza. Ndani alikataa katakata tushike yale mawe yanayoning'inia. "Mwalimu, acha, hii bado inakomaa," aliniambia. Alikuwa na haki. Mvua huchukua hewa ya ukaa angani na kwenye udongo wa msitu, maji yakawa na ukali kidogo, yakapenya nyufa na kuyeyusha chokaa. Tone likifika darini mwa pango, ile hewa hutoka na chokaa hubaki, chembe juu ya chembe. Kwetu pia kuna mapango, lakini yale yaliachwa na lava iliyoganda juu huku chini ingali inatiririka. Kazi ya siku chache tu. Hapa nilisimama chini ya jiwe refu kuniliko, tone likanidondokea shingoni, na nikakosa la kusema.

Matupi ndilo pango la kupewa muda. Miaka ya 1970 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta humo vifaa vidogo vya jiwe la kwatzi, na tabaka za chini zina umri wa miaka kama 40,000. Papa alituonyesha mahali pakavu karibu na mlango, mwanga unapofika, akauliza sisi tungelala wapi. Tungelala palepale.

Nje, msitu umeushika mlima mpaka kwenye miamba. Tuliona mbega wawili, weusi na weupe. Juu hukuti maji mengi, kwa sababu mlima wenyewe unayameza. Unayakuta chini, kwenye maporomoko yanayoitwa Ngazi za Venus, yakishuka kidato kwa kidato. Tulikaa pale hadi viatu vikalowa.

Ya kurekebishwa yapo. Hatukupewa kofia ngumu, na rafiki yangu alijigonga kichwa mara mbili. Saa moja na nusu ndani ya Matupi haitoshi. Patana siku nzima tangu mwanzo. Vaa buti za mpira, maana utelezi ni mkali. Na beba tochi mbili: yangu, niliyonunua Goma kwa mtu aliyeapa kwamba itawaka kwa muda wa saa sita, ilizima baada ya dakika arobaini. Papa alikuwa na ya akiba, akanipa bila kulipisha.

Kwa ruhusa yake niliokota kokoto moja njiani, nje kabisa ya pango. Nimeipeleka darasani. Tuliikwaruza kwa msumari, tukakamulia ndimu kwenye ule unga, ukatoa povu. Tukajaribu kwenye makoro ya uani: kimya. Wanafunzi hawakuniamini, kila mmoja akataka kujaribu mwenyewe, na ndimu nne ziliisha kabla ya kengele.