Safu za mtaani magazetini: zipi zinastahili pesa yako

Gazeti la Kiswahili likifika barazani, Mji Mkongwe Unguja au Wete Pemba, husoma mmoja wakasikiliza wengi. Kwa hiyo safu ya mtaani, yaani makala ya kila toleo kuhusu maisha ya mtaa, ipimwe kwanza kwa sikio. Maneno 600 hadi 700 yanatosha. Yakizidi, wasikilizaji hurudi kwenye bao lao. Sentensi za kiofisi za "katika kuhakikisha kwamba" humchosha hata anayesoma.

Safu nzuri hubeba jambo moja. Chukua msimu wa karafuu Pemba. Mwandishi mzembe ataandika "wananchi waanike vizuri". Anayejali atasema: chambua makonyo, vile vikonyo vinavyoshika karafuu, siku ileile ya kuchuma, tandaza karafuu tabaka jembamba jamvini, zigeuze mara kwa mara, zianue kabla ya umande. Jua likiwa kali, siku 3 au 4 zinatosha. Zikilazwa mbichi kwenye rundo hupata joto na kuvunda, zikikauka huwa zimefifia na kukunjamana, na ukizipeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, daraja hushuka. Kisha ataongeza linalosahauliwa: aliyeanguka mkarafuuni anauguzwa na nani, na majirani wamepangana vipi kumchumia miti iliyobaki. Huo ndio upendo ninaoutafuta kwenye safu, ule ambao msomaji anaweza kuufanyia kazi kesho asubuhi.

Zinazoharibika huharibika kwa mambo yaleyale. Aya nzima ya vyeo vya viongozi kabla ya kufika kwenye shida. Mahubiri. Na baya zaidi, kumwanika mtu: penye msiba taja marehemu, saa ya maziko na mahali pa khitma, basi. Madeni na ugomvi wa urithi ni siri ya nyumba ya watu.

Angalia pia kama safu hurudi kwenye neno lake. Iliyolalamikia mtaro wa Kikwajuni, mtaa wa mjini Unguja, ilipaswa kumuuliza sheha, kiongozi wa eneo, kabla ya kuchapwa, maana huenda fundi keshaitwa, na wiki ya pili itwambie maji yanapita au bado. Gazeti likifa uzi huo hukatika; Dira, gazeti la wiki la Zanzibar alilolihariri Ali Nabwa, lilifungiwa Novemba 2003, na hakukuwa na wiki ya pili.

Ukiikuta safu inayofuatilia jambo lake, na inayosahihisha waziwazi jina la kijiji ililokosea toleo lililopita, nunua nakala yako mwenyewe, usingojee ya kuazima.