Kigali kwa mikutano: wenzetu wanajua kujiuza jamani

Nimerudi juzi toka Kigali, mkutano wa siku tatu, na aisee wale watu hawabahatishi. Kuna ile Rwanda Convention Bureau, kazi yao ni kuwinda mikutano tu, imeanza 2014 yaani juzijuzi, sisi KICC yetu, ule ukumbi wa mikutano wa Nairobi, imesimama tangu 1973 lakini angalia wao wameshapata CHOGM (mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola) 2022 na mbio za dunia za baiskeli za barabarani 2025, ambazo hazikuwahi kuja Afrika kabla ya hapo.

Siri ni kuondoa usumbufu. Tangu 2018 mtu wa nchi yoyote anapewa viza akifika, sisi Wakenya ni kitambulisho tu, nimepita dirishani hata sijamaliza kuzima simu. Halafu Kigali Convention Centre yenyewe, ukumbi mkubwa unabeba watu 2,600 na hoteli ya Radisson Blu iko hapohapo, mtu anatoka kitandani anaingia kikaoni bila kupanda gari. Usiku lile kuba la ukumbi linawaka rangi za bendera, kila mtu anapiga picha, tangazo la bure hilo. (Mifuko ya plastiki acheni nyumbani, wamepiga marufuku tangu 2008 na hawatanii.)

Kasoro? Bei. Nilipolala mimi, hoteli ndogo tu mtaani, wiki ya mkutano walipandisha chumba na chai ya asubuhi ikaja baridi. Na kwenda kuona gorila ni dola 1,500 kwa mgeni wa nje ya Afrika, kwa lisaa limoja! Wazungu wa kikao chetu walilipa bila kupepesa.

Nyota nne.